Ndani ya Ua la Boga

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za meno. Ukimwambia mtu hivyo, kwanza anacheka, halafu anafumba mdomo. Pale kliniki, mgonjwa akishakaa kitini, yeye ndiye aliyemsogezea kamera mdomoni. Ilikuwa kamera yenye lenzi ya kuona vitu vidogo kwa karibu kabisa, na flashi ya duara iliyoizunguka lenzi hiyo kama bangili. Wagonjwa walimwita Dada Picha, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Hata mumewe, fundi wa kupaka rangi majumba, akawa anamwita hivyo.

Huyo mumewe alianguka. Alikuwa juu ya ngazi ndefu akimalizia ukuta wa ghorofa, ngazi ikateleza, na mwenzake wa kazi, jamaa aliyeitwa Mrefu kwa sababu zinazoonekana, akakuta fundi amelala chini na rangi imemfunika kama shuka. Mguu ulivunjika. Ukafungwa plasta, ukaunga, plasta ikatolewa. Daktari wa mifupa akasema sasa atembee. Fundi akatembea mpaka bafuni, akatembea mpaka mezani, kisha akarudi kitandani na hapo akaweka makazi.

"Bado unavuta," alisema kila alipoulizwa.

Mama yake, ambaye alikuwa akiishi nao, alimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Dada Picha aliondoka kwenda kazini akimwacha ameangalia dari, akarudi akamkuta ameangalia dari ileile. Alikuwa mwanamume wa maneno mengi na mzaha. Sasa ukimsemesha unajibiwa kwa pumzi.

Basi daktari wa meno akanunua kamera mpya, ile ya zamani akamwachia Dada Picha. "Kapige watoto wa ndugu zako," alimwambia. Lakini mkono uliozoea meno hauridhiki na sura nzima. Jioni hiyo, njiani, aliona ua limejiotea kwenye ufa wa ukuta, ua la magugu, dogo kama punje ya mchele. Akalichuma, akalibeba kiganjani mpaka chumbani, akaliweka juu ya kifua cha mumewe, pale blanketi jeusi lilipotulia.

"Sasa mimi nimekuwa meza?" fundi akauliza.

"Meza haisemi. Na usipumue."

"Nisipumue nife?"

"Kidogo tu. Ukipumua linapanda na kushuka, kila kitu kinaingia ukungu."

Akabana pumzi. Na yeye akabana yake. Akainama na kamera, akasogea mbele kwa upana wa ukucha, akarudi nyuma kwa nusu ya ukucha, mpaka kile kiua kikatokea kimekaa wazi katikati ya lenzi. Flashi ikamulika. Akaunganisha kamera na televisheni kwa waya, na ua la punje ya mchele likajaa kioo chote. Lilikuwa na petali zenye mistari ya zambarau na manyoya laini ukingoni, na katikati vidole vitano vimebeba unga. Nyuma yake palikuwa na giza tupu, ingawa dirisha lilikuwa wazi na jua halijazama. Flashi ilikuwa imemulika cha karibu tu, vya mbali vyote ikaviacha.

Fundi aliangalia muda mrefu. "Mchana wetu umeupeleka wapi?" akauliza.

Ndiyo ikawa kawaida yao. Kila alasiri alirudi na kitu kiganjani: ua la uzio wa jirani, ua la mchicha ulioachwa ukakomaa, ua la nyasi ambalo hakuna mtu aliyewahi kulihesabu kuwa ua. Alifunika flashi kwa kipande cha leso nyeupe ili mwanga usiwe mkali, akapiga, wakalala wawili wakitazama. Chumba kilikuwa kimya, pazia linapumua taratibu, na pale kwenye kioo yakawa yanafunguka mabonde ya waridi na misitu ya nyuzi ambako matone ya maji yalining'inia yamebeba dirisha lao dogo ndani yake. Maneno ya fundi yakaanza kurudi, kwanza yale ya kazi.

"Hiyo si nyeupe," alisema. "Hiyo ni nyeupe iliyotiwa tone la kijani, halafu mkorogaji akashikwa na usingizi."

Mama mkwe alichungulia mlangoni akatikisa kichwa. "Watu wazima mmejifungia chumbani mnaangalia majani. Makubwa haya."

Siku moja Mrefu akaja. Alikuwa amepata kazi ya jengo la ghorofa nyingi, kulipaka lote kwa nje, na hakutaka kufanya na mtu mwingine.

"Mguu bado unavuta," fundi akamwambia.

"Unavuta kuelekea wapi? Maana naona umenenepa."

Mama mkwe akacheka, fundi hakucheka. Mrefu akaona amegusa pabaya, akanywa chai yake, akaaga. Dada Picha alimsindikiza mpaka njiani.

Nyuma ya bafu, pale maji ya kuoshea yalipotiririkia, palikuwa na mmea wa maboga uliojiotea wenyewe. Asubuhi ya siku ya mapumziko ulikuwa umefungua ua kubwa la njano. Maua ya maboga hayangoji mtu. Jua likipanda yanajifunga. Dada Picha akatandika mkeka chini, akalala kifudifudi, akaisogeza kamera kwenye kinywa cha ua. Flashi akaivua kwenye lenzi, akaishika kwa mkono wa kushoto nje ya ua, ili mwanga upite katikati ya nyama ya petali. Akabonyeza. Ua likawaka lote kwa ndani kama nyumba iliyowashwa taa. Akashuka na lenzi, kina baada ya kina, akipiga picha kila kina, mpaka chini kabisa.

Alipoingia chumbani alikuwa na udongo kwenye kidevu, na furaha kama ya msichana. "Hili lazima ulione," akasema, akachomeka waya.

Kioo kikajaa njano. Kuta ndefu za njano zikashuka pande zote, mishipa yake imesimama kama nguzo, zikashuka zikabadilika kuwa za kijani, zikashuka tena. Kule chini, mbali mno, nyuki alikuwa amelala na unga mgongoni, mdogo kama kitu kilichodondoshwa. Ukitazama ulikuwa kama umesimama ukingoni, vidole vya miguu vimetokeza nje.

Fundi akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Zima."

"Subiri uone nyuki..."

"Zima, nasema!"

Akazima. Uani mama mkwe akaita kuuliza kuna nini. Fundi alikuwa bado ameng'ang'ania ukingo. Dada Picha akakaa karibu naye, asimguse.

"Nilikuwa naanguka," mumewe akasema mwishowe. "Nimelala hapa na nikawa naanguka. Si mguu. Mguu ulishapona. Hospitali walinipa kitanda kilichoinuka juu, nikashindwa kuangalia sakafu. Nikifikiria ngazi, naona ardhi inanijia." Akajifuta uso kwa shuka. "Fundi rangi mzima, anaogopa kupanda. Ningemwambia nani?"

"Mimi nilidhani umenichoka," Dada Picha akasema.

Fundi akageuka akamwangalia, kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoitegemea. "Wewe?"

"Nikiingia unaangalia dari. Nikitoka unaangalia dari. Ningejua vipi?"

Fundi akamshika mkono, na wakakaa hivyo mpaka ua la nyuma ya bafu likajifunga.

Kesho yake alasiri ni fundi mwenyewe aliyesema, "Washa lile." Alitazama kwa muda wa kumeza mate, akafumba macho. Siku iliyofuata akakaa zaidi. Mkewe alimshika kifundo cha mkono, akisikia mapigo yanavyokimbia na yanavyopoa. Halafu asubuhi moja fundi akaamka akiwa anatabasamu. Aliota anashuka ndani ya lile ua, alisema, lakini haanguki. Anashuka polepole kama unyoya, kuta za njano zinapita, vumbi lake linamkalia mabegani. Alipofika chini palikuwa laini na vuguvugu.

"Na nyuki?"

"Alisogea pembeni nipate pa kulala. Ana adabu kuliko Mrefu."

Siri ya woga wake alimwambia mama yake kwanza. Mama akaacha kupepeta mchele. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Wewe umeumbuliwa na boga. Shukuru." Kisha akaingia ndani, akatoka na macho mekundu, akasingizia vumbi.

Mrefu alipoambiwa alianza kucheka, akaishia njiani. Akakiri kwamba tangu siku ile fundi alipoanguka na yeye hufunga kamba mbili kiunoni na kuomba dua kila ngazi. Wakakubaliana: nje na juu kwa Mrefu, ndani na chini kwa fundi, pamoja na kukoroga rangi zote. Hakupanda tena zaidi ya kigoda. Wako waliomcheka, wakazoea.

Siku za mapumziko akawa anafuatana na mkewe. Alibeba mwavuli, si kwa ajili ya mvua bali kukinga upepo, maana ua likitikisika hata kidogo picha imeharibika. Ukiwakuta kwenye kiwanja kitupu utawaona wamepiga magoti wote wawili, wamebana pumzi, vichwa vimekaribiana juu ya kitu kisichoonekana.

"Jamani, mmepoteza nini?" mpita njia mmoja aliwauliza.

"Hatujapoteza kitu, mzee," fundi akajibu bila kuinua kichwa. "Pita upande ule tafadhali, unatuletea upepo."