Zamda na Nyota za Kwamsisi

Zamda Mhina alikuwa na pikipiki yake mwenyewe, nyekundu, yenye sanduku la plastiki nyuma, na kazi yake ilikuwa kupeleka mizigo. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yaliishusha pale Mkata, yeye akaifunga kwa mpira na kuisambaza vijijini mpaka Kwamsisi. Mizigo ilikuwa ya kampuni iitwayo Fikisha Chapu, lakini siku ya kwanza tu wakala wao, Chetan, mwenye duka la spea mjini Korogwe, alimweka sawa.

"Hapa hakuna mwajiriwa, dada Zamda. Wewe ni mshirika. Bosi wako ni wewe mwenyewe."

"Na mafuta anaweka nani?"

"Bosi."

"Na pancha?"

"Bosi."

Zamda alifurahia ubosi wake kwa muda wa kama wiki mbili. Alilipwa shilingi elfu mbili na mia tano kwa kila mzigo uliopokelewa. Mzigo ukikataliwa hakulipwa kitu, hata kama amekula vumbi kwenda na kurudi. Mwezi wa tatu ukaja ujumbe kwenye simu: kuanzia sasa kila mteja atampa mshirika nyota, kuanzia moja hadi tano. Mshirika ambaye wastani wake utashuka chini ya nyota nne, malipo yake nayo yatashuka hadi elfu moja na mia tano.

Aliyetunga ujumbe ule hakuwahi kufika Kwamsisi. Kule nyota ya mtu ni bahati aliyozaliwa nayo, na kila mtu anamjua mwenzake aliyeibiwa yake. Fulani alikuwa na duka kubwa, akapeana mkono na mgeni asiyemfahamu, leo anatembeza karanga.

Mzigo wa kwanza chini ya utaratibu huo ulikuwa wa Bibi Chausiku, mwanamke wa miaka sabini na kitu: blanketi alilotumiwa na binti yake wa Dar. Zamda alimkuta uani akimenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Vuta kigoda."

Bibi alipokea mzigo, akaupapasa, akacheka kwa furaha. Zamda akatoa simu.

"Bibi, kabla sijaondoka, naomba nyota zako tano."

Bibi akaacha kucheka. "Unaomba nini?"

"Nyota. Tano. Hata nne si mbaya, ila tano ndizo zitakazonisaidia."

"Mimi ninayo moja, na nilizaliwa nayo."

"Hapana, bibi, zote zimo humu kwenye simu. Unagusa kwa kidole tu, huumii. Wenzako wa Mkata wameshatoa."

"Wameshatoa? Na ni wazima?"

"Wazima kabisa. Zinakwenda Dar, kampuni inazijumlisha."

Bibi Chausiku aliificha mikono yote miwili ndani ya khanga. Kisha kwa mguu, polepole, akausukuma ule mzigo hadi ukagusa buti la Zamda.

"Rudi na blanketi lako," alisema. "Mwambie mwanangu nitalala na baridi, lakini nitalala na nyota yangu."

Zamda akarudi Mkata na blanketi, bila hata shilingi.

Habari ikaenda mbio kuliko pikipiki. Kesho yake, kila alikopita, watoto waliitwa ndani. Wengine walikataa mizigo yao wakiwa nyuma ya mlango. Waliothubutu kupokea walitoa kwa kujinyima. Mzee Jonathan, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa mtu mkarimu. Alipopata redio yake aligusa nyota moja, akasema, "Nimekupa kwa roho safi. Nne zilizobaki ni za wanangu." Watoto wake walikuwa wanne. Lea, muuza chapati, alitoa mbili, halafu akalia kidogo.

Baada ya wiki moja kwenye simu ya Zamda ukaingia ujumbe: "Ndugu Mshirika, nyota yako imeshuka." Mama yake ndiye aliyeusoma kwanza. Aliichukua simu kwa ncha za vidole, akaitumbukiza kwenye sufuria na kufunika; tangu hapo, kila iliporudi nyumbani, ililala humo.

Ndipo Zamda alipopanda basi kwenda Korogwe. Alimkuta Chetan kaunta, katikati ya tairi na minyororo ya pikipiki.

"Kaka Chetan, badilisheni neno. Semeni alama, semeni maksi, semeni chochote. Watu wanadhani nawaloga."

Chetan aliona mantiki. Akapiga simu makao makuu, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Kijana mmoja mwenye sauti laini akasikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu, "Mshirika anajitegemea. Kumwelimisha mteja ni sehemu ya biashara yake."

"Mimi si ndiye bosi?" Zamda aliuliza.

"Ndiwe, dada," alijibu kijana.

"Basi kama bosi, nafuta hilo neno."

"Hilo liko juu ya ngazi yako," alisema kijana, akakata.

Kabla hawajasema kitu, simu ya Zamda ikaita. Alikuwa Mzee Jonathan. Jumamosi kutakuwa na kikao Kwamsisi, alisema, na yeye Zamda anatakiwa kufika na nyota zote za watu, bila kupungua hata moja.

Chetan hakutaka kwenda. Lakini mizigo kumi na moja ilikuwa imerudishwa dukani kwake, na kila mzigo uliorudi yeye pia alikosa kamisheni. Jumamosi akafika Mkata na mizigo hiyo yote, amevaa shati jeupe, akapanda nyuma ya pikipiki. Walipoingia Kwamsisi shati lilikuwa rangi ya tofali.

Watu kama hamsini walikuwa wamekaa mbele ya ofisi ya kitongoji. Hakuna aliyetoa mkono. Waliwasalimia kwa mbali, viganja vimefichwa makwapani.

Zamda alieleza kila kitu tangu mwanzo. Hakuna aliyeonekana kuamini. Mwishoni Bibi Chausiku akaomba kuuliza.

"Hizi nyota anazikusanya nani?"

"Kampuni, bibi."

"Zikiwa chache, wanakufanya nini?"

"Wananipunguzia hela."

"Hiyo pikipiki ni yao?"

"Ni yangu."

"Ikiharibika?"

"Natengeneza mimi."

"Ukianguka ukavunjika mguu?"

"Mguu ni wangu."

"Na ukiumwa, ukalala siku tatu?"

"Silipwi. Mimi ndiye bosi, kwa hiyo najinyima mwenyewe."

Bibi Chausiku alimtazama Zamda kuanzia buti hadi kofia. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Tumemshika mtu siye," alisema. "Huyu hajaiba. Huyu ndiye aliyeibiwa."

Mnong'ono ukapita. Mambo yote yakawa wazi: mtu ana chombo chake, ana nguvu zake, anaamka alfajiri, na bado hasongi mbele. Dalili hizo hata mtoto anazijua. Macho ya watu wote yakahamia kwa Chetan, naye akatia mikono mifukoni haraka.

"Hata mimi wananipa nyota, bibi," alisema. "Mwezi uliopita nimepata mbili."

"Maskini. Nenda ukakae na mwenzako."

Chetan akaenda kukaa kando ya Zamda kwenye benchi. Lea akawaletea chai na chapati, bure, kama watu wanavyofanya kwa wagonjwa.

Kikao kikaamua kwamba kila aliyewahi kuletewa mzigo amwongezee Zamda nyota zifike tano, ili apone. Ikabaki hofu moja tu, ya kidole. Mzee Jonathan akajaribu kugusa simu kwa kijiti, simu haikujali. Akajaribu kwa gunzi la mahindi, ikakataa. Bibi Chausiku akatoa kipande cha muhogo mbichi kwenye pindo la khanga, akakimenya kwa kisu, akagusa. Nyota tano zikawaka zote.

Watu wakapanga foleni. Kipande kile kilipita mkono kwa mkono, na kila mmoja alipomaliza aliipuliza simu ili kisibaki chochote chake. Mizigo iliyokataliwa nayo ikapokelewa, blanketi likiwa la kwanza. Chetan, ambaye alikuwa amekula chapati tano za huruma, akasimama na kuahidi mbele ya wote kwamba kuanzia siku hiyo mzigo ukikataliwa, nusu ya mafuta ya Zamda ataitoa yeye mfukoni. Mwenyekiti akaiandika ahadi hiyo kwenye daftari la kitongoji na kumpa asaini. Chetan akasaini. Alionekana kujuta kidogo, lakini alishasaini.

Jumatatu wastani wa Zamda ulikuwa nne nukta sita, na malipo yakarudi elfu mbili na mia tano. Mama yake akaruhusu simu isilale tena kwenye sufuria.

Wiki mbili baadaye alifika kwa Mzee Jonathan na mzigo wa betri. Mzee alikuwa barazani, na mkewe, Mama Salome, pembeni yake akikatakata mchicha. Zamda akafungua simu na kukuta ujumbe mpya. Kampuni ilikuwa imesikia maoni ya washirika wake wapendwa. Nyota zimefutwa. Kuanzia leo mteja ataombwa kumpa mshirika moyo wake.

Zamda alisoma mara mbili. Akamtazama mzee. Akamtazama Mama Salome, na kisu kilichokuwa mkononi mwa Mama Salome. Akasogea mpaka kwenye pikipiki na kumpigia Chetan.

"Kaka Chetan, umeuona huu ujumbe?"

"Nimeuona."

"Niko kwa Mzee Jonathan, na mkewe yuko hapa hapa."

Nyuma ya Chetan ilisikika tairi ikigongwa kwa nyundo.

"Usimwombe," alisema. "Andika mteja hakuwa na chaji."

Zamda akaandika hivyo, akaaga, akawasha pikipiki.