Kiini cha Mwalimu

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kiini, na jina lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alifundisha sayansi katika shule isiyo na maabara, yenye chaki tu na madirisha yasiyofungika, kwa hiyo kila kitu alikifundisha kwa kuwapa watoto kitu cha kushika mkononi. Mada ya atomu ilipofika, alining'iniza gololi kwa uzi katikati ya darasa, akawatuma watoto wawili wakakimbie huku na huku kule kwenye lango la shule.

"Wale kule langoni ni elektroni," alisema. "Wepesi, hawatulii, wana chaji hasi. Gololi hii ndiyo kiini. Na kuanzia hapa mpaka langoni kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mwalimu."

"Hakuna kitu. Haya, ndani ya kiini mna protoni, zenye chaji chanya, na hizo zinasukumana muda wote. Halafu mna nyutroni, ambazo hazina chaji. Nyutroni ni yule mjomba anayekaa katikati ya ndugu wagomvi ili nyumba isivunjike."

Watoto walicheka, maana karibu kila mmoja alikuwa na mjomba wa namna hiyo.

Darasa lake lilikuwa na mtindo wake. Mtoto aliyejibu vizuri Ijumaa alipewa kiini aende nacho nyumbani, akirudishe Ijumaa inayofuata. Ilikuwa gololi ya kuokota tu, lakini aliyeipata alitembea kifua mbele wiki nzima. Muhula huu gololi ikapasuka, na mumewe, muuza vyuma chakavu, akamletea kipande cha chuma kinachong'aa, kidogo kama ncha ya kidole na kizito ajabu. Mwalimu alikipimapima kiganjani akafurahi kama mtoto. Karibu uzito wote wa atomu uko kwenye kiini, na sasa alikuwa na kitu cha kuwaonyesha maana yake. Akakisukia wavu wa uzi, akakipitisha kwa watoto wote wakishike, kisha akakining'iniza.

Mada ya mionzi ilikuwa ya muhula unaofuata. Mtaala ndivyo ulivyopangwa, na mtu akitaka kuulaumu mtaala aulaumu, ila yeye mwenyewe aliisoma mionzi chuoni na akaifaulu.

Wa kwanza kukibeba alikuwa mvulana waliyemwita Msemaji, ambaye hata usingizini alikuwa akibishana. Katikati ya wiki alianza kutapika. Ijumaa alijikokota mpaka shuleni kukirudisha kiini, kwa sababu zamu ni zamu. Jumapili akalazwa, na Jumatatu baada ya vipindi Mwalimu akaenda kumjulia hali.

Msemaji alilala ubavu, kimya, na mtoto yule akiwa kimya ilitosha kukutia hofu. Nywele zake zilikuwa zimebaki kwenye mto.

"Wamesema ni malaria," alisema mama yake. "Mara chakula. Sasa hebu angalia hapa, Mwalimu. Wanasema kaungua, na mimi mwanangu hajaungua na chochote."

Akafunua shuka. Juu ya paja, pale mfuko wa suruali unapokaa, ngozi ilikuwa imevimba na kuiva, na malengelenge yamekaa duara.

Mwalimu akasogea karibu. Akashika chuma cha kitanda, akainama.

"Kile kiini ulikuwa unakiweka wapi, baba?"

"Mfukoni," alisema Msemaji, na uso wake ukachangamka kidogo. "Sikukitoa hata mara moja. Muulize mama, nililala na suruali."

Mwalimu alitoka wodini bila kuaga. Hakwenda kwa daktari. Hilo liwekwe wazi, kwa sababu alikuja kusifiwa baadaye na watu wasiojua: kwanza alikwenda kwa mumewe, akitumaini ataambiwa kitu cha kumtuliza.

Mumewe alikuwa uani, amechuchumaa katikati ya marundo ya mabomba na magurudumu, akikata waya.

"Baba Mapacha, kile chuma ulikitoa kwenye nini?"

"Chuma gani?"

"Cha darasani."

"Aa, kile. Kulikuwa na debe la risasi, ile metali ya kwenye betri, zito, sijawahi kuona. Jamaa waliling'oa kwenye kiwanda kilichofungwa. Nikalipasua niuze risasi, kile kikadondoka."

"Lilikuwa na alama yoyote?"

Alichora mchangani kwa ncha ya waya: kitone, na mabawa matatu yakikizunguka. "Kama feni hivi. Manjano. Niliikwangua, wanunuzi wasije wakauliza maswali."

Mwalimu akakaa juu ya injini iliyokufa. Akamweleza, polepole, kwa sauti ileile ya darasani kwa sababu hakuwa na nyingine. Kwamba kuna viini visivyotulia. Kwamba vinavunjika vyenyewe bila kuguswa, na kila kinapovunjika kinarusha mionzi, nayo inapita kwenye nguo na ngozi na mfupa, inang'oa elektroni kwenye atomu za mtu, mpaka mwili unashindwa kujijenga upya. Kwamba lile debe lilikuwa ukuta, naye aliuvunja.

Mumewe aliiangalia mikono yake.

"Usimwambie mtu," alisema hatimaye. "Tukichukue tukakifukie. Mtoto yuko hospitali tayari, si anatibiwa?"

"Anatibiwa malaria."

"Nitafungwa, Mama Mapacha. Na wewe utafungwa. Wewe ndiye uliyewapa."

Alikuwa amesema kweli, na Mwalimu alimchukia kwa hilo. Akatoa simu, akapiga hospitali palepale mbele yake. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu. Aliuliza tu kiko wapi sasa hivi, akamwambia watu waondolewe nyumba nzima, kisishikwe, wataalamu watakuja kukichukua wao.

Kilikuwa kwa msichana waliyemwita Kimya. Msichana huyo hakuwahi kunyoosha mkono tangu aanze shule. Ijumaa Mwalimu aliuliza nini kinazisaidia protoni zikae pamoja, na Kimya akanong'ona, "Mjomba." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akampa kiini, siyo kwa sababu jibu lilikuwa bora, ila alitaka mtoto yule apate moyo.

Mwalimu alifika kwa kina Kimya anahema, na koleo refu aliloliokota uani bila kujua atalifanyia nini. Bibi yake Kimya alimpokea mlangoni, kitambaa kimebanwa mdomoni.

"Karibu, Mwalimu. Samahani, tumekula nini sijui, sote wawili matumbo yamechafuka. Lakini huyu mjukuu wangu umemfanya nini? Tangu Ijumaa anaongea, hatupumui. Usiku anakilaza kwenye mto wetu."

"Toka nje, bibi. Njoo huku kwangu. Na wewe mwanangu, kiache humo, utoke."

Bibi alitoka akishangaa. Kimya akaja nyuma yake hadi kizingitini, ngumi imefungwa.

"Kiweke chini. Hapo hapo ulipo. Halafu uje."

Mtoto aliitazama ngumi yake, kisha akamtazama Mwalimu.

"Lakini Ijumaa bado."

"Najua. Kiweke chini."

"Jibu langu lilikuwa baya?"

"Lilikuwa zuri. Nakuomba, mama, kiweke chini."

Kimya akauficha mkono mgongoni na kurudi nyuma hatua moja, ndani. Mwalimu aliyajua yote aliyoambiwa na daktari, na aliyajua hata kabla ya kuambiwa. Akalitupa koleo, akaingia, akamshika kifundo cha mkono, akaifungua ile ngumi kidole kimoja kimoja. Mtoto alipigana. Ngozi ya kiganja ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Kile chuma kilimwangukia Mwalimu mkononi, kizito vilevile, na joto la mtoto bado liko juu yake. Akakirusha hadi pembe ya mwisho ya chumba, akambeba Kimya nje.

Alimbeba mpaka mwisho wa uchochoro, bibi akifuata nyuma na maswali yake. Hapo ndipo mtoto alipoacha kumpiga mateke, akaweka kichwa begani.

"Basi sitajibu tena," alisema.