Ukuta wa Mama Mwenye Nyumba

Baada ya tetemeko, kaka yangu alinipigia simu kutoka nyumbani kila siku kwa wiki mbili, na kila siku alikuwa na swali lilelile: ninarudi lini. Nilimwambia chumba changu kimesimama, kazini tunaingia nusu siku, na mchana ninajitolea kwenye ukumbi wa shule walikohifadhiwa waliobomokewa. Akataka kujua ninalipwa na nani. Nikamweleza maana ya kujitolea. Akasema kumbe nilivuka maji yote yale kwenda kuwafulia watu mablanketi bure. Nikamwambia ndiyo, na ya leo yamefika arobaini, msalimie shemeji. Kaka yangu ni mtu mwema, ila akishika simu anajiona hakimu.

Mimi ni mfanya usafi. Nimesafisha ofisi za ghorofa nne kwa miaka tisa, na si kujisifu, doa la kunishinda bado halijazaliwa. Wino, gundi, kutu, michoro ya wahuni ukutani, vyote naijua dawa yake. Mdogo wangu, aliyenifuata huku na tunalala chumba kimoja, husema nikifika mbinguni swali langu la kwanza litakuwa deki inapigwa saa ngapi.

Chumba chetu kiko uani. Mbele yake ndipo ilipokuwa nyumba ya mwenye nyumba wetu, bibi wa miaka themanini na kitu, mjane, mkavu kama biskuti. Tulimwita Mama Mwenye Nyumba, hata mbele yake. Kwa miaka tisa mazungumzo yetu yalikuwa juu ya taka, mlango wa uani na nywele zinazoziba bomba. Ndani kwake sikuwahi kukanyaga. Salamu alizitolea dirishani, na mkono hakuwahi kunipa. Tetemeko liliipasua nyumba yake kuanzia paa hadi ngazi, na kibanda chetu hakikudondosha hata kigae. Mambo ya Mungu hayo, sikuyaingilia.

Ukumbini alipewa kitanda karibu na mlango. Mdogo wangu alimenya viazi jikoni, mimi nilifua na kukunja mablanketi, na wote tulikuwa chini ya fundi bomba mmoja mstaafu aliyejipa usimamizi kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na filimbi. Siku ya pili bibi aliniita kwa kidole. Nikadhani ni nywele tena. Akaniambia kwamba juu ya kabati lake la chumbani kuna sanduku la kahawia, na ndani ya sanduku kuna gauni lake la kuzikiwa. Alilishona mwenyewe mwaka aliofiwa na mume, rangi ya bluu iliyokolea, mikono mirefu, vifungo kumi na kimoja vilivyovikwa kitambaa kilekile.

"Mume wangu alizikwa na suti," alisema. "Siwezi kumfuata nimevaa nguo za msaada."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Ndipo nikaitazama nguo aliyokuwa nayo mwilini, fulana nzito ya msaada yenye picha ya dubu anayeteleza kwenye theluji, na kicheko kikanikauka.

Sheria ilikuwa moja: nyumba iliyopasuka haiingiwi bila mkaguzi, na zamu ya mtaa wetu ilikuwa Alhamisi. Mkaguzi angeingia na kofia yake ngumu, angemtolea sanduku, baada ya hapo mashine ibomoe ipendavyo. Bibi akaishikilia Alhamisi hiyo kwa meno. Kila asubuhi nilipopita na mablanketi aliniambia siku zilizobaki. Alikuwa anakohoa, kikohozi ambacho muuguzi alikisikiliza akiwa amekunja uso, na chakula alikionja tu. Alitaka gauni lake limfikie kabla hajafa, basi.

Jumapili sikuwa na zamu. Nikasimama uani na kikombe changu cha chai nikiutazama ukuta wa mbele wa nyumba ile: tope, masizi, alama kubwa ya X ya rangi nyekundu iliyopigwa na watu wa manispaa, na pembeni yake duara jeupe la chaki. Nyekundu niliijua, maana yake nyumba hii ni ya kubomolewa. Duara sikulijua, wala sikuuliza. Tangu shule zifungwe watoto wa mtaa ule walichora kila mahali, paka, mipira, matusi. Nikawaza, huyu bibi atakuja Alhamisi kuiaga nyumba yake na kuikuta na uso kama huu? Nikachukua ndoo, brashi na sabuni ya unga, na nikasugua saa tatu nzima. Tope likatoka, masizi yakatoka, duara likatoka kwa mkono mmoja. Ile nyekundu ilikuwa rangi ya mafuta, ikagoma. Nililala nikiwa na furaha, lazima niseme ukweli.

Jumatano nilirudi kutoka kazini saa saba mchana, nikafungua mlango wa uani, nikaona barabara. Nilikaa miaka tisa pale bila kuiona barabara kutoka uani. Mashine ilikuwa inageuka kuelekea nyumba inayofuata, na malori yalikuwa yameshapeleka kifusi jalalani mara mbili. Nilimkimbilia Fundi Bomba, aliyesimama pale na filimbi yake shingoni, nikamuuliza inakuwaje leo wakati mkaguzi ni kesho. Akasema hata yeye haelewi. Wabomoaji wanasoma ukuta. Nyekundu ni bomoa, na duara jeupe ni ngoja, mwenyewe hajatoa vitu vyake. Yeye mwenyewe alilichora lile duara, kwa mkono wake, wiki iliyopita.

"Labda ni umande," akasema. "Nilitumia chaki ya shule, sikufikiria."

Mzee wa watu alikuwa karibu kulia kwa kosa langu, na mimi nikamtazama tu kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua.

Chumbani nikamwambia mdogo wangu kila kitu. Akafunga mlango kwanza. Akasema ninyamaze, hakuna aliyeniona, umande umeshabeba lawama na umande hauna ndugu wa kuulizwa. Sisi ni wageni hapa, akasema, jina letu likiharibika hatuna lingine. Alikuwa na hoja. Nililala na maneno yake na sikupata usingizi.

Alhamisi, siku yenyewe, niliingia ukumbini na mablanketi kama kawaida. Bibi alikuwa ameketi kitandani, amechana nywele. Fundi Bomba alikuwa ameshamwambia habari za nyumba na za umande. Akanivuta ukingo wa aproni.

"Nimesikia uliusugua ukuta wangu Jumapili," akasema. "Majirani wamesema uling'aa. Asante. Angalau nyumba imeanguka ikiwa safi."

Ningeweza kusema karibu, nikaendelea na kazi. Ulimi ulishaanza. Lakini niliona aibu, aibu ya moto, ya kuanzia masikioni, nikaweka mablanketi chini.

"Mama, si umande. Duara nililifuta mimi. Nilidhani ni uchafu."

Upande wa pili mtu alikuwa akipanga viti. Uso wa bibi haukubadilika, ila mikono yake ilianza kuikunja ile fulana ya dubu na kuikunjua, kuikunja na kuikunjua.

"Umenikosea," akasema.

"Nimekukosea."

"Sana."

"Sana, Mama."

Akakohoa, akapangusa mdomo. Akauliza kama ninajua kushona. Nikamwambia hapana, hata kifungo nakishona kwa matusi. Akasema atanielekeza, macho yake bado yapo, mikono tu ndiyo inayotetemeka. Kitambaa nitafute mimi, bluu iliyokolea, nisimletee nyeusi, yeye si padri. Kisha akaweka miguu chini, akasimama katikati ya ukumbi mbele za watu wote, akainua mikono yake miwili kama mtoto anayevuliwa nguo.

"Nipime."

Nilikuwa na kamba ya kufungia maboksi mfukoni. Nikapima bega kwa bega, nikapiga fundo. Nikapima mkono, nikapiga fundo. Kiuno cha mtu hakipimwi kwa mbali, kwa hiyo nikapitisha mikono yangu yote miwili nyuma yake, shavu langu likagusa fulana yake, na nikasikia mbavu zake zikipanda na kushuka. Nikaivuta kamba ikaze.

"Usibane hivyo," akasema juu ya kichwa changu. "Acha nafasi nipumue."