Chaguo la Kwanza la Kaka

Kaka yangu alipokuwa hai sikumwogopa hata siku moja. Alipokufa ndipo alipoanza kunisumbua. Nikikaa mezani kwake kufanya hesabu, nahisi kabisa mtu amesimama nyuma yangu, anapumua, anasubiri nikosee. Na mama akiita "Injinia!", jina la utani alilopewa kaka tangu alipofungua redio ya nyumbani ikakataa kufungika, huwa naitika mimi. Nani mwingine ataitika?

Mwaka huu nilifaulu, tena vizuri tu. Mama akasema basi, chuo kikuu kile kile alichokitaka kaka, kinachoongoza, uhandisi wa ujenzi. Mimi nilitaka mitambo, kwenye chuo kisicho na sifa sana lakini chenye karakana ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anashika chuma. Tuligombana mpaka majirani wakachoka. Kila nikimweleza ananijibu, "Ujenzi ndio mwenzio alioutaka." Jamani, nitabishana vipi na marehemu?

Siku ya mwisho ya maombi tukaenda duka la kompyuta asubuhi na mapema. Dada wa pale, tunamwita Kidole kwa sababu anachapa kwa kidole kimoja, akauliza namba ya mtihani. Kabla sijafungua mdomo, mama akaitaja yote, harakaharaka, bila kutazama popote.

Haikuwa yangu. Ilikuwa ya kaka. Ya kwangu hakuwahi kuikariri.

Kioo cha kompyuta kikafunguka, na kaka huyo hapo, katumbua macho kwenye picha, kola imemkaa upande. *Karibu tena. Ombi lako halijakamilika. Ungependa kuendelea?* Alilianza mwaka jana, homa iliyomuua ikamkatisha.

"Eh, mbona huyu mwanaume?" Kidole akacheka. "Kabakiza hatua moja tu, mama. Nithibitishe?"

"Thibitisha."

"Mama!"

"Nimesema thibitisha."

Ujumbe wenye namba ya kuthibitisha ukaingia kwenye simu ya mama. Akausoma tarakimu moja moja, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi hasira na woga vilinipanda pamoja, maana uso wake ulikuwa umenawiri. Mwanawe ameomba chuo.

Ilipofika zamu yangu, kompyuta ikagoma. Namba ya simu ya mzazi inatumika kwa mwombaji mmoja tu, na mzazi niliyebaki naye ni huyo mmoja. Kidole akajaribu tena, akatikisa kichwa. "Mpaka yule wa kwanza afutwe. La sivyo binti asubiri mwakani."

Mama akaikumbatia simu kifuani.

"Kaka amekufa!" nikapiga kelele. "Amekufa, mama, na mimi nipo!"

Foleni nzima ikageuka kututazama. Kidole akaondoa mkono kwenye kibodi kama ameungua. "Mungu wangu," akasema. Mama hata hakunitazama. Alikuwa anamtazama kaka pale kwenye kioo, kisha akamfuta vumbi shavuni kwa ncha ya mtandio, taratibu, shavu moja, halafu la pili.

"Mfute," akasema.

"Inataka sababu," Kidole akanong'ona, akamsomea zilizokuwepo. Amebadili mawazo. Amekosea taarifa. Amepata chuo kingine. Kufa haikuwemo.

Mama akafikiri kweli kweli, midomo inamcheza.

"Weka amepata chuo kingine."

Kidole akabonyeza. Kaka akaondoka, kioo kikabaki cheupe. Nilitaka kumwomba mama radhi, akaniwahi.

Akavuta kiti, akanigeukia. Tangu matokeo yatoke hakuwahi kuniuliza.

"Haya," akasema, "na wewe mwanangu, wewe unataka wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, kilio kikatangulia.