Kamati ya Mazishi ya Kui

Jumanne asubuhi, Wavinya alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akiisugua miguu yake ipate uhai ndipo simu ilipolia. Alikuwa ameingizwa kwenye kundi jipya la WhatsApp. Kundi liliitwa Safari ya Mwisho ya Kui. Picha yake ilikuwa ya Kui siku ya harusi, mdomo wazi kwa kicheko, keki imemganda puani.

Wavinya alilia mpaka kifua kikamuuma. Kui alikuwa rafiki yake wa benchi la kliniki. Walikuwa na ugonjwa mmoja, MS, ule ambao kinga ya mwili humgeuka mwenyewe na kuzitafuna neva za ubongo na za uti wa mgongo. Kwa Wavinya ulikuwa umechukua nguvu za mguu wa kushoto na hisia za vidole, na kazi yake ya ukarani katika kampuni ya bima ikaenda nazo. Kwa Kui ulikuwa umekwenda mbio zaidi. Mwaka uliopita alikuwa ameacha kabisa kusimama.

Alipofuta machozi alimpigia Bedan, mume wa Kui, fundi wa mageti kule Kariobangi.

"Pole sana, Bedan. Ameenda saa ngapi?"

Upande wa pili nyundo ziligonga vyuma, kisha zikanyamaza. "Ah, Wavinya. Bado."

"Bado nini?"

"Bado hajaenda. Tunajipanga tu mapema. Watu wa ushago, wale wa kijijini, wanataka kujua. Si unajua huu ugonjwa wenu."

Wavinya alikata simu. Alilitazama kundi tena. Watu thelathini na mmoja. Mtu mmoja alikuwa ameshauliza rangi ya sare za akina mama. Mwingine alikuwa ametuma mikono miwili iliyoshikana kwa maombi.

Ngui, kaka yake mdogo, aliendesha teksi. Alimfuata Buruburu Phase Five na saa nne wakawa Mowlem, nyumbani kwa Kui, ghorofa ya kwanza. Wavinya alipanda ngazi kwa fimbo, akipumzika kila hatua tatu. Njiani alijiambia ukweli ambao alikuwa ameukwepa tangu Pasaka: miezi mitano hakuwa amekanyaga pale. Alikuwa akituma ujumbe na vikatuni vya maua. Hakutaka kumwona Kui kwa sababu hakutaka kujiona yeye mwenyewe akiwa amelala pale.

Aliyefungua mlango ni mama yake Bedan, mwanamke mnene mwenye tabasamu, mikono imejaa unga.

"Karibu, mwanangu! Ingia unywe chai. Chapati zinaiva sasa hivi."

Sebule ilinukia mafuta ya kukaangia na ubani wa vijiti. Vijiti vinne vilikuwa vikiwaka juu ya runinga. Nyuma ya manukato hayo kulikuwa na harufu nyingine, tamu na nzito, kama nyama iliyosahaulika kwenye mfuko wa plastiki. Ngui aliisikia pia. Alifunika pua kwa mkono, kisha akaona aibu na kuushusha.

"Kui yuko wapi, mama?"

"Amepumzika. Siku hizi hatumsumbui, hata watoto wake hawaingii."

Chumba kilikuwa kimefungwa madirisha. Kui alikuwa amelala chali juu ya karatasi ya nailoni, uso umekuwa mdogo kama wa mtoto, midomo imepasuka. Kikombe cha maji kilikuwa kwenye stuli, mbali na mkono wake. Alifungua macho.

"Umekuja," alisema. "Nilidhani hata wewe ulishanizika."

Wavinya alichukua kikombe. Alimnywesha maji, na Kui akayamaliza yote, akaomba mengine.

"Wanakugeuza?"

"Kunigeuza? Wananiambia nisijichoshe."

Wavinya alimwita Ngui amshike Kui begani, kisha akavuta blanketi na kuinua nguo. Juu kidogo ya makalio palikuwa na shimo ambalo ngumi ya mtoto ingeingia. Kingo zake zilikuwa nyeusi, na ndani palikuwa na majimaji ya kijani yaliyoganda kwenye nailoni. Visigino navyo vilikuwa vimeanza. Ngui aligeuza uso ukutani. Wavinya alitazama kwa muda mrefu, akijilazimisha, na kilichomtapisha baadaye kule chooni hakikuwa kile kidonda. Ilikuwa ile sauti ya chapati zikipigwa kwenye ubao upande wa pili wa ukuta.

Bedan alifika akiwa na ovaroli yake ya kazi, amepigiwa simu na mama yake.

"Wavinya, hii ni nyumba yangu. Unampeleka wapi mgonjwa anayejiendea?"

"Hospitali. Mgongo wake umeoza. Umeuona?"

"Nimeuona. Ndio ugonjwa wenyewe huo."

"Nani alikwambia?"

"Nilisoma kwa simu. Wakipata hii kitu wanakaa miaka mitano, ikizidi sana kumi. Kui huu ni wa tisa. Sasa nimtese ya nini?" Alisema polepole, kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulia na kumaliza. "Mimi nilishakubali mapenzi ya Mungu."

Upole huo ndio uliomchefua Wavinya kuliko matusi. "Mimi niko wa kumi na mbili, Bedan. Nimepanda ngazi zako leo. Unioneshe na mimi nilipaswa kufa lini."

Bedan alitazama sakafu.

"Nilikuwa nasoma fomu za vifo kazini, miaka na miaka," Wavinya aliendelea. "Mtu anakufa kwa kidonda kilichoachwa, wanaandika jina la ugonjwa wa zamani, kila mtu anaenda nyumbani na dhamiri safi. Ya Kui haitaandikwa hivyo nikiwa hai. Ngui, mbebe."

Ngui alimfunga Kui kwa shuka na kumshusha ngazi mgongoni. Majirani walitoka milangoni. Mama mmoja alianza kulia kwa sauti akidhani ni maiti, na Kui akainua mkono wake mwembamba kumwonyesha kwamba si hivyo.

Hospitalini walimkata nyama iliyokufa na kumtundikia dawa za mishipa. Sumu ilikuwa imeshaanza kuingia kwenye damu. Daktari Mumina, aliyekuwa akiwatibu wote wawili kliniki, alikuja jioni, akasoma faili, akavua miwani.

"Zingepita siku tatu nyingine, tungekuwa tunazungumza mengine," alisema.

Bedan alikuwa amesimama pembeni ameshika kofia yake. "Daktari, lakini huu ugonjwa si unaua?"

"Kwa wastani unapunguza maisha kwa miaka kama saba hivi, mzee. Wengine zaidi, wengine haupunguzi kitu. Wengi wanazeeka nao. Wanaoondoka mapema, mara nyingi ni mapafu, ni kibofu, ni vidonda vya kulalia. Vitu vya kuangaliwa." Alivaa miwani. "Mkeo hakuwa anakufa kwa MS. Alikuwa anakufa kwa kulazwa chali."

Bedan alikaa chini kwenye sakafu ya wadi. Wavinya alimwangalia akilia na akatafuta ndani yake huruma kidogo. Hakuipata, na hilo nalo lilimkera.

Wiki ya tatu sauti ya Kui ilipata nguvu. Alikuwa ameshasikia habari za lile kundi. Mama yake Bedan ndiye aliyeropoka, akidhani anamchekesha. Kui akamwomba Wavinya simu.

"Niandike?"

"Hapana. Shika hapo nirekodi."

Wavinya alikishika kile kitufe. Kui alivuta pumzi.

"Hamjambo. Ni mimi Kui. Niko wadi namba nne, kitanda cha dirishani. Sare msishone. Anayetaka kuja, aje na maziwa ya mala."

Ujumbe uliondoka. Tiki mbili zikageuka bluu. Hakuna aliyejibu. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kutoka: fulani ameondoka, fulani ameondoka, mpaka wakabaki wanne. Kui alicheka hadi mrija wa dawa ukatikisika, na kicheko kikageuka kilio. Wavinya alimshika mkono ambao vidole vyake havikuweza kuhisi.

Mala ililetwa na mtu mmoja tu, yule jirani aliyelia mlangoni.

Baada ya miezi miwili na nusu Kui alirudi Mowlem. Wavinya alipinga, alimwambia kuna chumba Buruburu.

"Na watoto wangu?" Kui alisema. "Na ngazi zako ni ghorofa mbili zaidi ya zangu. Acha nirudi. Ila safari hii ninajua cha kudai."

Bedan alifundishwa na nesi kumgeuza kila saa mbili, kumpaka mafuta, kumkalisha wima akila. Alijifunza haraka, mikono yake ilizoea vitu vizito. Jumapili moja alisimama kanisani akashuhudia jinsi alivyokesha akimwombea mkewe na Mungu akamrudisha kutoka kaburini, na waumini wakapiga makofi. Wavinya alikuwa kwenye benchi la nyuma. Aliokota fimbo yake akatoka nje katikati ya makofi, akatema mate kwenye kokoto.

Lakini Alhamisi iliyofuata alienda Mowlem, kama alivyokuwa akienda kila Alhamisi. Bedan alimfungulia, akampa mkono. Aliupita bila kuushika.

"Leo yukoje?" aliuliza.

"Yuko sawa. Nimemgeuza sasa hivi."

"Nitaona."

Aliingia chumbani, akafungua dirisha, akamsalimu Kui, akaketi kitandani na kuinua shuka aangalie mwenyewe.