Mkongojo wa Helikopta

Casimir aliposema mbele ya kundi zima kwamba kisanduku changu ni mkongojo wa vilema, nilimjibu hapohapo kwamba hata mwenye mkongojo anafika sokoni. Hakucheka. Président wetu hacheki akijibiwa, hasa akijibiwa na mwanamke.

Sisi wa Baraka, mji wa kando ya ziwa, tuna kundi la kurusha helikopta ndogo, ile inayoongozwa kwa redio. Helikopta yenyewe ni moja tu, tuliichangia wote. Casimir, muuza vipuri vya pikipiki, alikuwa amejifunza kurusha huko Bujumbura, kwa hiyo tukampa uongozi, naye akatupa sheria: anayeiangusha anaacha télécommande, kile kifaa chenye vijiti viwili cha kuiongozea. Sheria tamu kwa mtu ambaye tayari anajua! Mimi niliiangusha siku yangu ya kwanza, kabla sijaelewa mkono upi unafanya nini, na tangu hapo kazi yangu ikawa kubeba betri na kupiga makofi. Wengine wakanifuata mmoja mmoja, mpaka likabaki kundi la kumtazama Casimir.

Nilikataa kubaki hivyo. Niliagiza kupitia shemeji yangu kisanduku cha elektroniki, kidogo kama kiberiti, kinachofungwa tumboni mwa helikopta. Helikopta ikianza kulala upande, kisanduku kinahisi na kuirudisha chenyewe. Anayejifunza akichanganyikiwa, anaachia kijiti cha kulia tu, na helikopta inanyooka hewani ikimsubiri apate akili.

Jaribio la kwanza, ufukweni Swima, ambalo Casimir aliliruhusu ili apate kucheka, liliniaibisha. Helikopta iliinuka, ikaegemea ziwani, na hata nilipoachia kijiti ikaendelea kuelekea majini, mpaka ikaangukia nyavu zilizoanikwa.

"Umeona, Georgette?" Casimir alisema, akiutaja tena mkongojo, safari hii kwa Kifaransa. "Béquille yako inapenda maji."

Nilikuwa na hasira ya kutosha kusoma maelezo ya kisanduku kuanzia mwanzo hadi mwisho, kazi ambayo hakuna mtu anayeifanya akiwa na furaha. Kumbe kinapowashwa hakijui sawa ni ipi. Pale kilipowekwa ndipo kinapoamini kuwa ni tambarare. Na sisi tulikiwashia wapi? Juu ya mtumbwi uliopinduliwa mchangani, maana watu wa ziwa kila kitu tunaweka hapo, chakula, nguo, hata watoto. Ule mtumbwi uliinamia maji, na hakuna aliyeona, kwa sababu tumezaliwa kwenye mteremko na tunauona sawa.

Casimir hakutaka kusikia. Akaenda kwa Mzee Assani, mwenye maboti kule Kazimia na mkubwa wetu kwa umri, akidai nifukuzwe. Mzee akaamua hivi: mtu ambaye hajawahi kurusha atapewa helikopta yenye kisanduku, aipandishe na kuishusha. Ikianguka, kisanduku kinatolewa na mimi ninaondoka. Isipoanguka, sheria ya Casimir inakufa. Casimir akachagua mahali, Fizi, uwanja wa mpira.

"Kule maji haiko," alisema akitabasamu. Hakusema kwamba kule mlimani hata uwanja wa mpira una upande wa juu na upande wa chini.

Mimi nilimchagua Mama Adolphine, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alikuwa amechangia kama wengine na hakuwahi kupewa zamu. Casimir alimuuliza kwa nini mwanamke mwenye umri kama huo anataka kurusha helikopta.

"Mi nataka tu," Adolphine alijibu. "Banaume banaulizwaka juu ya nini?"

Tulipanda Fizi kwa pikipiki, helikopta ndani ya katoni magotini mwangu. Ruhusa tulikuwa tumeiomba bureau ya serikali, maana siku hizi kinachonguruma angani hakichukuliwi kwa mchezo. Adolphine alibeba ubao anaouzia ndagala na sinia. Uwanjani tuliweka ubao juu ya mawe, sinia juu ya ubao, tukamimina maji. Maji yakakimbilia upande mmoja. Nikaongeza kijiwe chini, nikaondoa kingine, nikapiga magoti nikiangalia ukingo.

"Bamama banapika sasa?" Casimir aliuliza, na vijana waliokuwa pembeni wakaangua kicheko.

Maji yalipotulia sawa pande zote, nilitoa sinia, nikaweka helikopta kwenye ubao na kukiwasha kisanduku. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Adolphine aliipandisha taratibu kwa mkono wa kushoto. Ikafika usawa wa vichwa, ikapanda zaidi. Kisha upepo wa mlimani ukaisukuma, naye akashtuka, akavuta kijiti cha kulia kwa nguvu, na helikopta ikalala ubavu kabisa. Watu wakapiga kelele.

"Achia ya kuume!" nilipaza sauti. "Ya kushoto shika!"

Akaachia. Helikopta ikanyooka. Ikasimama pale juu ikiyumbayumba kidogo, nzima. Adolphine akavuta pumzi, akairudisha kwa kuisukuma kidogo kidogo, akaishusha kwenye majani. Iligonga chini, ikaruka, ikatua kwa miguu yake.

Mzee Assani akapiga makofi. "Imeisha," alisema. "Haikuanguka."

"Haiwezekane!" Casimir alikuwa amekasirika mpaka mate yanamtoka. "Ile ni kasanduku ndiyo imeruka, haiko huyu mama! Mi nilifundishwa na muntu! Maître wangu alikuwa na télécommande yake, imefungwa na kamba kwa yangu. Kila mara nikikosea, yeye anaikamata, haianguke. Ile ndiyo kujifunza!"

Hata wale vijana waliacha kucheka. Niliona uso wake ukibadilika alipojisikia mwenyewe, lakini neno lilikuwa limetoka, na maneno hayarudi mdomoni.

"Kila mara ulikosea?" Mzee Assani aliuliza polepole.

Casimir akageuka kutazama njia ya kurudi.

Miaka yote ile nilidhani huyu mtu alizaliwa anajua. Nilijilaumu kwa mikono yangu mizito, nikabeba betri zake, nikampigia makofi. Hasira niliyokuwa nayo juu ya kisanduku ilikuwa ya mchezo. Hii ilikuwa ya kweli.

"Basi we walikudaka," nilimwambia. "Sisi ulituacha tuanguke, halafu ukatunyang'anya télécommande."

Aliangalia chini. Sikungoja pole wala tusi. Nilibadilisha betri, nikairudisha helikopta kwenye ubao na kumpa Adolphine télécommande.

"Rusha tena, mama."

"Nikiangusha?"

"Tutatengeneza. Na utarusha tena."

Akaipandisha. Hakuna aliyemwomba Président ruhusa.