Maji ya Kumwagwa Chini

Korosho ziliungua tena, na safari hii Bimdogo, mwenyekiti wa kikundi, hakumwita Anifa pembeni. Alimsema palepale, mbele ya wanawake wote waliokuwa wakibangua.

"Tanuri linataka mtu aliye macho. Wewe unasinzia! Zikiungua tena, ufunguo wa tanuri utampa mwenzako Severina."

Anifa hakuwa amesinzia. Alikuwa ameikodolea skrini ya kipimajoto mpaka macho yakamwasha, na namba zilikuwa zikicheza: sabini, tisini, hamsini. Tanuri lenyewe lilikuwa likiziamini. Likiona hamsini linaongeza moto, na korosho zinaungua. Akampigia simu Zabroni, fundi wa Masasi aliyefunga mtambo ule wakati wa masika.

Kesho yake Zabroni alipanda Newala na mkoba wake.

"Shikamoo, Mama Mujibu."

"Marahaba, fundi," alijibu Bimdogo. "Mwenye makosa huyo hapo, mwulize."

"Iulizwe mashine kwanza," alisema Anifa.

Zabroni akacheka, akafungua kisanduku cha kipimajoto. Alichomoa waya unaotoka tanurini, akayaunganisha matundu mawili ya kisanduku kwa kipande kifupi cha waya. Namba zikatulia kwenye joto la chumba.

"Kisanduku ni kizima. Uchafu wa umeme unaingia njiani." Akaurudisha waya, akamwambia Anifa azime mota ya feni ya tanuri. Namba zikatulia. Akawasha, zikaanza kuruka.

"Waya huu unabeba umeme mdogo mno, kama mtu anayenong'ona," alisema. "Mota inapiga kelele pembeni, kisanduku hakisikii vizuri. Na hapa nimekosea mimi. Niliufunga pamoja na waya wa mota ili ipendeze."

"Ikapendeza, nikatukanwa," alisema Anifa.

Zabroni akazitenganisha nyaya. Namba zikapunguza kuruka, lakini hazikutulia.

"Zilianza lini kucheza, Mama Stamili?" alimwuliza Anifa.

"Masika zilikuwa sawa. Ni tangu mchanga ulipokauka."

Zabroni akatoka nje hadi kwenye nondo ya shaba aliyoichimbia nyuma ya jengo, ile inayopeleka kelele za umeme ardhini. Akachota mchanga wa pale. Ulimponyoka vidoleni kama unga.

"Mchanga mkavu haupokei kitu. Nilisema kiangazi pawe panamwagiwa maji kila wiki. Mama Mujibu, si nilikwambia wewe?"

Bimdogo alijifunga kanga upya. "Uliniambia. Hapa Newala watu wananunua maji ya kunywa, nimwage ndoo nzima kwenye mchanga? Niliona ni mambo ya mafundi tu. Nikamkataza mlinzi wetu asimwage."

Anifa alimtazama. Alijua bei ya ndoo, alijua na foleni yake. Kwa hilo tu angeweza kumwelewa. Lakini yule mama alijua, na bado alisimama mbele ya watu akamwita msinziaji. Anifa akaingia ndani, akaburuta ndoo ya kunawia mikono, akaimimina yote kwenye nondo. Maji yalizama papo hapo. Akaleta nyingine. Bimdogo aliguna kama aliyekanyagwa.

Waliporudi ndani feni ilikuwa ikivuma, na skrini ilisema sabini. Wakangoja. Ikabaki sabini.

"Haya, yamekwisha," alisema Bimdogo. "Kaa na ufunguo wako, mwanangu. Tufanye kazi."

"Hayajaisha. Ulinisema mbele ya watu."

"Sasa unataka nini?"

"Wale kule, wanaobangua. Nenda ukawaambie ni nani aliyeunguza korosho."

Bimdogo alimgeukia fundi. Fundi alikuwa akifunga mkoba wake, hakuinua kichwa. Mama mzima akatembea hadi mlangoni, akashika mwimo, akaanza kuongea chini chini, akiwa ameinamisha uso.

"Kwa sauti, Mama Mujibu," alisema Anifa nyuma yake. "Jana sauti ulikuwa nayo."

Visu vya kubangulia vikanyamaza. Bimdogo akakohoa, akaanza upya.